Ziwa Lina Mwisho: Kuipima Sakafu ya Nyasa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)



 Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Nikamjibu kwamba kazi yangu ni kuchungulia mahali pasipoonekana, kwa hiyo sitakuwa na cha kuwaonyesha. Akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Wewe njoo, tutakuamini." Basi nimekuja.

Mimi ni mpima. Nilianza na viwanja na mashamba, kama wapima wengine waliotoka Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam. Baadaye nikahamishiwa kwenye maji, na huko nikabaki kwa zaidi ya miaka 30: bandarini, mitoni na ziwani. Watu wengi hudhani mpima akifika ufukweni kazi yake imekwisha. La hasha. Ardhi haikomi ufukweni, bali inaendelea kuteremka chini ya maji ikiwa na milima yake, mabonde yake na mawe yake. Tofauti ni kwamba huioni.

MABISHANO YA BWENINI

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1983. Wa rika langu mtakumbuka kwamba bwenini palikuwa na mabishano yasiyokwisha kati ya watoto wa mlimani na watoto wa ziwani. Wenzetu Wamatengo walitucheka sisi wa mwambao kwa kutetemeka na baridi ya mwezi Juni, nasi tukawacheka kwa kuogopa maji. Usiku mmoja, taa zimekwisha kuzimwa, mmoja wa mlimani akauliza gizani: "Ninyi mnaojidai wenyeji wa ziwa, hebu tuambieni, lina kina gani?"

Tukanyamaza. Hakuna aliyejua. Kisha mwenzetu mmoja wa Liuli akajibu kwa kiburi: "Ziwa halina mwisho."

Kelele zilizofuata zilimleta kiranja, na kesho yake bweni zima tulifyeka nyasi. Lakini swali lile halikunitoka. Niliona aibu kwamba tumezaliwa juu ya maji yale, tumekula usipa wake, tumezika ndugu zetu waliozama humo, na bado mtoto wa mlimani akituuliza kina chake hatuna jibu. Leo nimekuja kumjibu, ingawa nimechelewa zaidi ya miaka 40.

JIBU LENYEWE

Ndugu zangu, ziwa lina mwisho. Mahali penye kina kirefu kabisa pana mita 700 na ushee. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 474 juu ya usawa wa bahari. Wanafunzi wa hesabu mtaona mara moja maana yake: sakafu ya ziwa, pale penye kina kirefu, iko zaidi ya mita 220 chini ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inafika karibu mita 2,000. Kwa hiyo mtu angeweza kuanza safari kileleni, kwenye baridi ya kahawa na ngoro, akateremka hadi mwambao, kisha akaendelea kuteremka gizani, na hadi afike mwisho angekuwa ameshuka zaidi ya kilomita mbili kwenda chini.

Tena sakafu hiyo haikulala sawasawa kama meza. Ziwa letu limekaa katika Bonde la Ufa, na bonde lenyewe limekatika vipandevipande. Chukua ungo, uinamishe upande mmoja: maji yatajaa upande ulioinama. Upande wa kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone, ungo umeinamia mashariki, na ndiyo maana milima ile inatumbukia majini kama ukuta. Ukija katikati ya ziwa, ungo umeinamia magharibi, na kina kirefu kiko ng'ambo, upande wa Usisya nchini Malawi. Mvuvi wa Mbamba Bay na mvuvi wa Lupingu wanavua ziwa moja, lakini chini yao pamejengwa kwa namna mbili tofauti.

Jambo jingine la kujua ni hili. Ukivuka kina cha mita 250 hivi, maji ya Nyasa hayana hewa ambayo samaki anaweza kuivuta. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Kwa hiyo samaki wote mnaowajua, usipa, mbasa, mbufu na wale wadogo wa rangi wanaoishi maweni, wanaishi katika tabaka la juu tu, na wengi wao karibu na ufuko. Chakula chetu kinatoka ukingoni mwa ziwa. Naomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

BILDI NA MWANGWI

Sasa mtauliza: tumejuaje haya yote, na hakuna aliyekwenda huko?

Njia ya kwanza ni ya kale. Mabaharia wa pwani huiita bildi. Baba yangu, ambaye hakuwahi kuiona bahari, aliiita jiwe tu. Ni kamba yenye kitu kizito mwishoni, nayo huhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Unateremsha, unasikia imegusa, unavuta ukihesabu. Mabaharia walitoboa tundu chini ya risasi ya bildi, wakajaza mafuta yaliyoganda ili tope au mchanga unate, wajue na aina ya sakafu. Ni chombo cha maana, lakini kina ila mbili. Kwanza, kinapima nukta moja tu. Mwamba ulio hatua tatu kando yake hakiujui. Pili, maji yakiwa marefu na upepo ukivuma, mtumbwi unasogea, kamba inalala upande, nawe unahesabu pima nyingi kuliko zilizopo. Pengine ndivyo lilivyozaliwa neno la kwamba ziwa halina mwisho: kamba iliisha kabla ya ziwa.

Njia ya pili ni mwangwi. Kila mtoto aliyekulia Umatengo amewahi kusimama mlimani akaita, na mlima ukamjibu. Mlima ulio mbali huchelewa kujibu. Chombo cha kupimia kina hufanya vivyo hivyo: kinapiga sauti kwenda chini, kinasikiliza, kinahesabu muda. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, kama ya ziwa letu, sauti hukimbia karibu mita 1,490 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Unazidisha mwendo kwa muda, unagawanya kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Pale penye mita 700, mwangwi hurudi kabla ya sekunde moja kutimia. Swali lililotushinda bwenini lina jibu la muda usiofika sekunde moja.

Kwa njia hii meli ya Kijerumani iitwayo Meteor ilivuka Bahari ya Atlantiki huku na huko kati ya mwaka 1925 na 1927, ikaonyesha kwamba chini ya bahari ile pana safu ndefu ya milima. Kabla ya hapo wengi walidhani sakafu ya bahari ni tambarare.

Njia ya tatu ndiyo ya siku hizi. Badala ya sauti moja kwenda chini, chombo hutoa sauti iliyotandazwa kama upepeo, na kusikiliza miangwi mamia kwa mara moja, kushoto na kulia. Chombo kikipita mara moja kinafagia ukanda mzima wa sakafu, wenye upana wa mara tatu, nne au zaidi ya kina cha maji. Setilaiti zinaeleza chombo kiko wapi. Kipimo kingine kinaeleza mashua imelala upande gani kila inapoyumba, na kingine kinateremshwa majini kuonja joto, kwa kuwa joto likibadilika mwendo wa sauti nao hubadilika. Kompyuta inaunganisha yote, na sakafu inajitokeza kwenye kioo, rangi kwa rangi, kama vile mtu ameyamwaga maji.

Nawaambieni, mara ya kwanza kuiona picha ile nilisimama nikasahau kukaa. Lakini vijana msidanganyike. Chombo hicho hakisamehe. Kipimo cha kuyumba kikikosea nyuzi moja tu, basi kwenye maji ya mita 100, mahali palipo mita 100 kando ya mashua, kina kitakosewa kwa mita moja na robo tatu. Huo ni urefu wa mtu. Hesabu za pembetatu tulizozikimbia hapa ndizo zinazotenganisha ramani na uongo wenye rangi nzuri.

WALIOTUPIMIA

Je, nani amelipima ziwa letu? Orodha ni fupi, nayo ina funzo.

Mwaka 1875 Mwingereza Edward Young alileta meli ya kwanza ya moshi, Ilala, akazunguka ziwa. Miaka ya kuingia karne ya 20, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Rhoades alilipima kwa ajili ya ramani ya mabaharia. Mtu huyu tunamkumbuka kwa jambo jingine. Agosti 1914, vita vilipoanza, Rhoades huyo huyo aliiongoza meli ya mizinga Gwendolen hadi Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe letu la Pomonda. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Rhoades akaipiga mizinga pale pale. Wazee wetu walisikia ngurumo bila kujua ugomvi ni wa nani. Mimi nikiisoma habari hiyo najiuliza kama mpima: aliyeingia katika ghuba yetu na mizinga alikuwa ndiye aliyelipima ziwa. Anayekijua kina cha mlango wako haombi kuongozwa.

Baada ya hapo ukapita muda mrefu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na Bruce Rosendahl, walipita ziwani na mradi ulioitwa PROBE. Walitumia sauti nzito inayopenya hata ndani ya tope, wakakuta kwamba chini ya sakafu ya ziwa kuna tabaka za tope na mchanga zinazozidi kilomita nne mahali pengine. Hao ndio waliotueleza habari ya ungo ulioinama huku na huko.

Mwaka 2005 wakaja wengine na jahazi la kuchimbia liitwalo Viphya. Walisimama juu ya maji ya karibu mita 590, bila nanga, wakishikiliwa na mashine za kusukuma zikiongozwa na setilaiti, wakatoboa zaidi ya mita 380 ndani ya sakafu. Tope lile ni daftari la miaka zaidi ya milioni moja. Ndani yake walisoma kwamba katika kipindi kilichoanza miaka kama 135,000 iliyopita palitokea ukame mara kadhaa, tena ukame usio na mfano, hata uso wa ziwa ukashuka zaidi ya mita 500. Hebu fikirini: pale mnapoona maji hadi upeo wa macho palikuwa nchi kavu na vichaka, na ziwa likabaki dimbwi mbali huko chini.

Desemba 2009 matetemeko mfululizo yaliitikisa Karonga, upande wa Malawi, yakaua watu na kubomoa nyumba. Miaka iliyofuata wanasayansi wa Marekani, Malawi na Tanzania walifanya kazi pamoja upande wa kaskazini, na mwaka 2015 vyombo vya kunasa matetemeko viliteremshwa hadi kwenye sakafu ya ziwa. Hii ndiyo faida ya kushirikiana. Tunajua wote kwamba juu ya uso wa ziwa kuna ubishi wa mpaka tangu zamani, wenye mzizi wake katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Hayo tuwaachie waliopewa dhamana. Tetemeko halisomi mkataba.

Sasa funzo. Karibu kazi zote nilizozitaja zilifanywa kwa vyombo vikubwa, na chombo kikubwa hukaa kwenye maji marefu. Hakijipeleki maweni. Kwa hiyo mambo yakawa kinyume: tunajua kilichotokea katikati ya ziwa miaka laki moja iliyopita, lakini mawe yaliyo mbele ya kijiji, yanayotoboa mashua za watu, yamo katika vichwa vya wazee wachache tu. Na mzee akifa, ramani inazikwa naye.

KOSA LANGU

Ndugu Mwenyekiti, hapa ningeweza kupita haraka, maana linalofuata linanihusu na halinipi sifa. Lakini tulifundishwa katika ukumbi huu kwamba aliyevunja kioo asimame mwenyewe.

Mwaka 2004, mwezi wa Aprili, nilikuja likizo na chombo kidogo cha mwangwi. Mwenye mashua mmoja aliniomba nimpimie mlango wa ghuba ndogo kaskazini ya Liuli, ili apite humo badala ya kuzunguka. Nilifanya kazi ya asubuhi moja. Katikati ya mlango palikuwa na mwamba. Chombo kikasoma mita 1.6 za maji juu yake. Mashua yake ilizama sentimita 90 ikiwa imejaa. Nikamwandikia kwa mkono wangu: "Unaweza kupita." Nikatia sahihi, maana nilikuwa mtaalamu.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akirekebisha nyavu pale ufukweni, aliniuliza kama nitarudi kupima tena mwezi wa Novemba. Nikamwambia hakuna haja, mashine haibahatishi. Akaendelea na nyavu zake.

Mnajua wote kwamba ziwa hujaa mvua zikiisha, Aprili na Mei, kisha hupungua hadi mwisho wa mwaka. Tofauti ni kama mita moja. Nilijua hivyo tangu utoto, na bado sikuiweka katika hesabu. Mwanzoni mwa Desemba, shule zilipofungwa, mashua ile ilipita mlangoni ikiwa na abiria 19. Juu ya mwamba yalikuwa yamebaki maji ya sentimita 70. Ikagonga, usukani ukavunjika, ubao wa chini ukapasuka. Sita kati ya abiria walikuwa wanafunzi wa shule hii waliokuwa wakirudi nyumbani. Walikutwa na mitumbwi wakiwa wamesimama juu ya mwamba wenyewe, maji yamewafika mapajani, masanduku yao ya bati vichwani. Ziwa lilikuwa limetulia siku ile. Ingekuwa siku ya upepo, leo nisingekuwa na uso wa kusimama hapa. Wawili kati ya sita hao nimewaona humu ukumbini. Walinisamehe zamani, lakini nilitaka walisikie mbele yenu: kosa lilikuwa langu.

Nilipopata habari nilisafiri. Yule mzee hakunikaripia. Aliniambia tu: "Mwanangu, ulipima maji. Hukupima mwamba."

Katika miaka yote ya chuo sikuwahi kufundishwa somo kwa maneno machache namna hiyo. Mwamba hausogei, maji ndiyo yanayopanda na kushuka. Kina hakina maana mpaka useme umepima kutoka wapi. Ndiyo maana ramani ya mabaharia hupimwa kutoka usawa wa chini uliochaguliwa, ili maji yatakayokuwapo yawe mengi kuliko yaliyoandikwa, yasiwe machache. Na ziwa letu halibadiliki kwa majira tu. Mwaka 1915 lilikuwa limeshuka sana, na kwa karibu miaka 20 Mto Shire, ambao ndio mlango wake wa kutokea, haukutoa maji ya maana. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda zaidi ya mita tano kuliko wakati ule, likala nyumba na mashamba ya mwambao. Mpima asiyejua historia ya maji atamwua mtu akiwa na mashine nzuri mkononi.

Nilirudi mlangoni pale. Tulichonga alama kwenye jiwe la ufukweni lisilotikisika, tukapima upya kila kitu kutoka kwenye alama ile, mimi nikiwa na mashine na mzee akiwa na jiwe lake la kamba. Alinionyesha mawe mengine manne ambayo nisingeyajua, kwa kuwa mistari yangu ya kupimia ilipita kando yake.

KAZI ILIYOBAKI

Sasa nazungumza na ninyi vijana. Msifikiri kazi imekwisha. Mwaka 2017 ulipoanza mpango wa kimataifa wa kuipima sakafu yote ya bahari ifikapo 2030, ni asilimia 6 tu iliyokuwa imepimwa vizuri. Hadi Juni 2025 walikuwa wamefika asilimia 27.3. Karibu robo tatu ya sakafu ya bahari za dunia haijapimwa kwa vyombo vya kisasa. Kazi hii inahitaji watu.

Na kwetu hapa mambo yanabadilika. Wakati wetu, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay tulipanda lori, tukashuka kulisukuma, tukapanda tena. Sasa kuna lami. Nyasa ni wilaya tangu mwaka 2012. Miaka hii ya 2020 ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay umeanza. Bandari maana yake ni meli, na meli maana yake ni kina kilichopimwa na kupimwa tena, kwa sababu mito huleta tope kila masika. Ni nani atakayefanya kazi hiyo? Tutaagiza watu kutoka mbali kila mwaka waje kutuambia kina cha mlango wetu?

Nina mapendekezo matatu, na yote ni madogo.

La kwanza, shule ianzishe kikundi cha kupima, chini ya walimu wa jiografia na hesabu. Wakati wa likizo, wale wa mwambao wachague ghuba moja. Chombo kidogo cha mwangwi kinachotumia betri ya pikipiki, na simu yenye kupokea setilaiti, vinatosha kwa kuanzia. Mpite kwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayelima matuta. Kila siku kabla ya kazi msome usawa wa maji kwenye alama ya jiwe. Mkisahau hilo, choma karatasi zenu. Wala msipande mtumbwini bila maboya ya kujiokolea na mtu mzima anayelijua ziwa.

La pili, mkae na wazee wavuvi na kuandika majina ya mawe. Kila mwamba mwambaoni una jina, na mara nyingi jina hilo ni onyo. Andikeni jina, mahali, na mwezi ambao mwamba huwa hatari. Hii ni kazi isiyohitaji mashine yoyote, lakini ndiyo isiyoweza kungoja.

La tatu, watoto wa mlimani msijitoe. Hesabu za mwangwi hazihitaji kuogelea. Tena ninyi mliozaliwa kwenye mashamba ya ngoro mnajua kusoma mteremko: mnajua maji yatapita wapi na udongo utakaa wapi. Sakafu ya ziwa ni mteremko huo huo ulioendelea. Udongo unaopotea mlimani kwenu ndio unaoziba bandari kwetu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Katika boksi hili kuna chombo changu kidogo cha mwangwi, kile kile cha mwaka 2004. Ni cha zamani lakini kinafanya kazi. Na katika mfuko huu kuna jiwe la kamba la marehemu baba, kamba yake ikiwa na mafundo kila pima. Naviacha vyote viwili shuleni, kwa masharti ya kwamba visitenganishwe. Atakayetumia mashine achukue na jiwe, ateremshe mara kwa mara, aone kama vinakubaliana. Visipokubaliana, asitie sahihi.

Na yule mwenzetu wa mlimani aliyeuliza swali gizani, namwona ameketi pale karibu na dirisha, ana mvi kama mimi. Kaka, jibu lako ni mita 700 na ushee, pale kwenye kina kirefu. Pale mlangoni kwetu, Desemba, ni sentimita 70. Hicho cha pili ndicho kilichonisumbua zaidi.